Muulizeni Kalumekenge

Kipindi cha hadithi katika shule zetu za msingi huishia kwa swali moja, iwe ni Bukiriro wilayani Ngara au Biharamulo mjini: hadithi hii inatufundisha nini? Vidole vinanyooshwa, na kinachotangulia karibu kila siku ni cha mtoto yule yule ambaye wenzake wamezoea kumwita kipanga. Anasimama, anasema uchoyo ni mbaya, au tuwasaidie wenye shida, anapigiwa makofi, anakaa. Robo saa haijapita, jirani yake anakwama kwenye neno la silabi nne, na kipanga huyo huyo ndiye wa kwanza kucheka na kumwita kilaza. Mwalimu anaudhika, mzazi akisikia anaudhika zaidi, na wote wawili hufikia hukumu ile ile: mtoto ana akili lakini hana utu. Nadhani hukumu hiyo haimtendei haki. Mtoto ameulizwa swali la mtihani, akatoa jibu la mtihani. Hakuna aliyemtaka amfikirie mtu yeyote. Hadithi inaweza kabisa kumsaidia mtoto mwenye uwezo mkubwa aonyeshe huruma aliyonayo, na kitabu kinaifanya kazi hiyo vizuri kuliko hotuba, lakini kwa sharti moja: tuache kumdai funzo, tuanze kumuuliza habari za watu waliomo ndani ya hadithi. Kwa mtoto wa kawaida swali la funzo ni swali dhaifu tu. Kwa kipanga ni mlango wa kutorokea, maana yeye ameshaujua ulipo kabla mwalimu hajamaliza kusoma.

Ni mtoto gani huyu? Tanzania tukitaja vipaji maalumu tunafikiria shule za sekondari kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato, na mtihani wa darasa la saba unaochuja wa kwenda huko. Huo ni mchujo wa watoto walioanza kubalehe, tena wa alama. Mimi nazungumzia mtoto wa miaka minne hadi minane: aliyejua kusoma kabla ya kufundishwa, kwa kutazama makopo ya dukani na maandishi ya kanga, anayekumbuka nani alisema nini Jumapili iliyopita, anayeuliza kwa nini mpaka anaambiwa anyamaze, anayemsahihisha mjomba mbele ya wageni akaitwa mjuaji. Mwanasaikolojia wa Marekani Leta Hollingworth, ambaye kitabu chake juu ya watoto wenye akili nyingi mno kilitoka mwaka 1942, aliona kwamba watoto wa aina hii huanza kusumbuliwa na maswali ya kifo, ya asili ya vitu na ya haki wakiwa wadogo mno, kabla hisia zao hazijapata nguvu ya kuyabeba. Mwaka 1991 kundi la wazazi na wataalamu waliokutana Columbus, Ohio, lilikwenda mbele zaidi likasema kwamba hapo ndipo kiini cha jambo kilipo: akili, mwili na hisia za mtoto huyu haviendi mwendo mmoja. Ana maswali ya mtu wa miaka kumi na miwili na machozi ya mtoto wa miaka mitano.

Kutokana na tofauti hiyo ya mwendo tunapata watoto wawili wanaoonekana kama hawana undugu. Mmoja ni mkavu: anaeleza kifo cha jogoo kama mtu anayeeleza hesabu, na mwenzake akilia anauliza analilia nini. Mwingine anaumia kupita kiasi: anakataa nyama ya mbuzi aliyemzoea, anashindwa kulala kwa habari aliyoisikia redioni, na kwa kuwa hajui aifanyie nini huruma yake, anageuka mkali au anajificha. Watu wazima humwadhibu wa kwanza na kumcheka wa pili. Wote wawili wana upungufu mmoja, nao ni njia ya kuitoa hisia nje katika sura ambayo mwenzao anaweza kuipokea.

Wasomi waliotafiti Afrika ya Mashariki na Kusini wametupa sababu ya kutoikubali haraka ile hukumu ya akili bila utu. Mwaka 2001 Elena Grigorenko na wenzake walichapisha utafiti wa kijiji kimoja cha Wajaluo nchini Kenya, wakitaka kujua wanakijiji wenyewe wanamwita nani mwenye akili. Majibu yaliangukia pande nne, na mmojawapo ulikuwa heshima na kuwajali wengine. Ni upande mmoja tu, ule wa maarifa, uliofanana na kile ambacho shule inakipima. Huko Zambia, Robert Serpell alifuatilia watoto wa vijiji vya Wachewa kwa miaka mingi, akawauliza watu wazima wangemtuma mtoto yupi kukiwa na jambo la maana. Waliowachagua walikuwa wale wanaoelewa na wanaoaminika kwa pamoja. Mzee yeyote wa Ngara angejibu vivyo hivyo, na hangehitaji profesa wa kumwambia. Aliyetenganisha akili na kujali watu ni darasa, na lililitenda hilo kwa njia ndogo sana, yaani kwa kupiga makofi pale tu jibu linapokuwa sahihi. Sisemi kijiji kimejaa upole, maana kijiji kina ukatili wake nacho. Nasema mtoto anayeonekana hana utu darasani huenda hajawahi kuombwa autumie pale.

Kuna jambo jingine linalomfanya mtoto wa huku aonekane mkavu kuliko alivyo, nalo ni lugha. Watoto wengi wa Bukiriro na vijiji vya jirani wanakulia katika Kihangaza au Kishubi, na Kiswahili wanakikuta kwa ukamilifu wake shuleni. Kipanga anakibeba upesi, lakini anachokibeba kwanza ni Kiswahili cha vitu: hesabu, sehemu za mmea, majina ya mikoa. Maneno ya wivu, aibu, unyonge, majuto, kinyongo, ya kumkumbuka mtu aliyeondoka, anayo katika lugha ya bibi yake. Mkimwuliza kwa Kiswahili mtoto wa miaka sita yatima wa kwenye hadithi anajisikiaje, atasema anajisikia vibaya, na huo ndio mwisho wa akiba yake. Ushauri wangu hapa ni rahisi, na najua baadhi ya walimu wakuu hawataupenda: someni kwa Kiswahili, zungumzeni kwa lugha yoyote ambayo moyo wa mtoto unaijua, kisha msaidieni kutafuta neno la Kiswahili la kile alichokwisha kukisema. Kiswahili chake hakitapungua. Atakuwa ameongeza neno lenye kitu ndani yake.

Je, kuna ushahidi kwamba mazungumzo ya namna hii yanazaa matendo? Upo, ingawa ni wa kiasi. Mwaka 2013 Celia Brownell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliwatazama wazazi wakiwasomea vitabu vya picha watoto wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu, kisha wakawapa watoto hao nafasi ya kugawa vitu na kumsaidia mtu mzima. Waliosaidia na kugawa zaidi walikuwa wale ambao wazazi wao waliwataka waitaje hisia na waieleze wenyewe. Mzazi kuieleza yeye, hata kwa ufasaha, hakukuwa na uzito huo. Mwaka uliofuata, huko Italia, Veronica Ornaghi, Jens Brockmeier na Ilaria Grazzani walichukua watoto wa miaka saba darasani, wote wakasomewa hadithi zilizojaa hisia; baadaye kundi moja likazungumza juu ya hisia zile, lingine likachora picha. Waliozungumza ndio waliopiga hatua katika kuelewa hisia na mawazo ya wengine. Hadithi walisikia wote, na kilichowatofautisha ni maongezi yaliyofuata. Ndiyo maana siamini madai makubwa kwamba kusoma peke yake humfanya mtu awe mwema. Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa utafiti wa David Kidd na Emanuele Castano uliodai kwamba hata kusoma kurasa chache za fasihi nzuri humwongezea mtu uwezo wa kusoma hisia za wengine, dunia ikashangilia, kisha baadhi ya watafiti walioyarudia majaribio yale hawakupata matokeo hayo. Kitabu kilichoachwa kwenye kabati hakimfundishi mtu huruma, na kilichosomwa kwa mbio hakijapita mbali na hapo.

Basi tuchukue hadithi ambayo karibu kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ya nyuma anaikumbuka: Kalumekenge aliyekataa kwenda shule. Kinachokaa kichwani ni ule mnyororo wake, huyu anaombwa amshughulikie Kalumekenge anakataa, mwingine anaombwa amshughulikie aliyekataa, naye anakataa, mpaka mnyororo unageuka na mtoto anakwenda shule. Utamu wake ni wa marudio, na watoto huyaimba. Funzo lake kipanga analijua kabla ya ukurasa wa pili. Sasa mwalimu au mama asome, asimame kabla ya mwisho, aulize: Kalumekenge alikuwa anafikiria nini muda wote huu watu wanamtafutia adhabu? Kipanga atajibu mara moja kwamba alikuwa mvivu. Usimkatalie. Mwulize amejuaje, akuonyeshe kwenye kitabu. Hapo umemshika anapopapenda, kwa sababu mtoto mwenye akili anaheshimu ushahidi kuliko anavyoheshimu mawaidha. Atarudi kwenye kurasa, atatafuta, na ataona kwamba sababu ya uvivu ameileta yeye. Mwambie: basi nitafutie sababu tatu ambazo zingemfanya mtoto akatae shule, uvivu usiwemo. Ya kwanza itakuja haraka, hana sare au hana daftari. Ya pili itachukua muda kidogo, pengine alichapwa. Ya tatu ndiyo inayokawia. Labda akisoma anakosea, wenzake wanamcheka. Akifika hapo, mwalimu akae kimya, na nasema hivi kwa msisitizo. Asiseme unaona, hata wewe juzi. Hakuna aliyemshtaki mtoto, ameyafikia mwenyewe kwa miguu yake, na kumwonyesha kidole wakati huo ni kumrudisha kule alikotoka.

Mtu anaweza kusema huu ni ujanja wa kumhadaa mtoto, au kwamba kumtetea Kalumekenge ni kuwafundisha watoto utoro. La pili ndilo zito zaidi kwa mwalimu anayehesabu mahudhurio kila asubuhi. Lakini kuelewa kwa nini mtu ametenda jambo si kulibariki jambo lenyewe, na mtoto wa miaka saba mwenye akili nyingi anaielewa tofauti hiyo akielezwa mara moja. Tena mwalimu anafaidika. Kipanga aliyezoea kutafuta sababu tatu ndiye atakayemwambia kwamba fulani haji shule tangu Jumatatu kwa kuwa mama yake amelazwa.

Hadithi za wanyama zinahitaji maneno yake. Sungura ndiye shujaa wetu, na kipanga humpenda kuliko watoto wengine kwa sababu anajiona: mdogo, mwepesi, anawashinda wakubwa kwa kichwa. Shida ni kwamba Sungura hamhurumii mtu. Fisi anaibiwa, anachomwa, anaachwa kisimani, na darasa linacheka. Watafiti wa Toronto, Nicole Larsen, Kang Lee na Patricia Ganea, waliwasomea watoto wa miaka minne hadi sita hadithi moja ya kugawana kwa namna mbili, moja yenye watu na nyingine yenye wanyama wanaovaa nguo na kusema kama watu. Waliosikia ile ya watu waligawa stika zao zaidi baada ya kusomewa. Waliosikia ya wanyama hawakuongeza ukarimu. Ni jaribio moja, la hadithi moja, kwa watoto wa Kanada, na siwezi kulitumia kumfukuza Sungura katika masimulizi ya bara zima. Ningelitumia kwa mambo mawili tu. Kwanza, kama lengo la siku ile ni huruma, chagua kitabu chenye watoto wanaofanana na wanaosomewa, wanaochota maji, wanaochunga mbuzi, wanaogombea nafasi kwenye dawati. Pili, ukisoma ya Sungura, mtume kipanga aisimulie upya kwa mdomo wa Fisi, usiku ule ule, akiwa amerudi nyumbani kwa watoto wake mikono mitupu. Mtoto mwenye kipawa anaupenda mchezo huu kwa sababu ni mgumu, na hawezi kuucheza bila kuingia ndani ya ngozi ya anayechekwa.

Kang Lee huyo huyo na wenzake, mwaka 2014, walikuwa wamewasomea watoto wa miaka mitatu hadi saba hadithi mashuhuri za ukweli na uongo. Ya Pinocchio anayerefuka pua na ya mvulana aliyeita mbwamwitu hazikuwapunguzia watoto uongo. Iliyosaidia ni ya George Washington mdogo, aliyekiri kosa akasifiwa kwa kukiri. Nalikumbusha hili kwa wanaochagua vitabu kwa kipimo cha adhabu inayomkuta mkosaji mwishoni. Mchoyo aliyeliwa na chatu anampa mtoto hofu ya chatu. Anayehitajiwa na mtoto ni mtu anayefanya wema unaoonekana jinsi unavyofanywa, hatua kwa hatua, hata kwa kusitasita: alitaka kuondoka, akageuka, akakaa chini, akasema kitu. Kipanga mara nyingi anajua kwamba inafaa kusaidia ila hajui aanzeje, na kwa kuwa amezoea kutokosea, haanzi kabisa. Kwa yule mwingine, anayeumia kupita kiasi, hadithi ya namna hiyo ina maana zaidi. Usimsomee msiba juu ya msiba ukidhani unamkuza moyo. Moyo anao tayari. Msomee habari ambamo kuna shida na kuna mtu anayeifanyia kitu kidogo, halafu mwulize yeye angefanya nini kidogo kuliko hicho. Akilia, acheni kusoma, fungeni kitabu, mwendelee kesho kukiwa na mwanga.

Pingamizi kubwa katika wilaya zetu linaeleweka: vitabu vyenyewe viko wapi? Vingi vinavyofika shuleni ni vya kiada, na vya ziada havitoshi. Sitaki kulipuuza tatizo hili kwa maneno mazuri, ila kazi ninayoieleza haihitaji rafu nzima. Inahitaji kitabu kimoja kisomwe mara nne, kila mara kwa swali tofauti, na kwa kipanga kurudia ndiko kunakomlazimisha aache kukimbilia mwisho kwa kuwa mwisho ameshaujua. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza nchini mwaka 1991, umesaidia kuleta sokoni hadithi nyingi za Kiswahili zilizoandikwa na Watanzania, na nakala zake zimefika kwenye shule nyingi. Tangu mwaka 2014 mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini umeweka kwenye intaneti hadithi za bure zenye picha, nyingi zikiwa na toleo la Kiswahili, ambazo mtu anaruhusiwa kuzichapa na hata kuzitafsiri. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba yake mtandaoni. Simu moja ya mwalimu na mashine ya kurudufu mjini Ngara zinatosha kuanzia. Na pasipo hata hivyo, daftari la kurasa arobaini ni kitabu: watoto wachore, dada mkubwa aandike, uzi wa gunia ushone.

Hapo wazee watauliza, kwa haki, kwa nini vitabu wakati ngano zetu zilikuwa zikifanya kazi hii jioni baada ya jioni kabla ya shule kujengwa. Jibu langu ni kwamba zilifanya, na pale msimulizi alipo bado zinafanya, tena kwa faida ya lugha niliyoitaja. Asiyekuwa na kitabu na aanze na bibi. Hata hivyo kitabu kina sifa mbili ambazo ngano haina. Kinakaa palepale, hivyo mtoto mbishi anaweza kurudishwa kwenye maneno aone kilichosemwa na kisichosemwa. Na kina picha: uso wa mtu ambao hautabadilika wakati mtoto anautazama, akiulizwa huyu aliyesimama nyuma pembeni, ambaye hadithi haimtaji, anafikiria nini. Swali hilo la mtu wa pembeni ni miongoni mwa yale ninayoyathamini zaidi kwa watoto werevu. Halina jibu la kukariri.

Lipo pingamizi la mitihani, na kwa wavulana lipo pia la ulaini, kwamba tutamlea mtoto wa kulialia wakati anatakiwa ajipange kwa Ilboru. Nalijibu kwa ufupi. Mtoto atakayechaguliwa kwenda shule za vipaji atalala bwenini na vipanga wengine, na kwa mara ya kwanza huenda akawa wa ishirini. Aliyejifunza kwamba thamani yake ni kuwashinda wenzake hana pa kushika siku hiyo. Kuhusu ulaini, mtoto anayeweza kumwendea mwenzake anayezomewa mbele ya darasa zima ana ujasiri kuliko wale wanaozomea.

Ngara ina jambo lake ambalo sehemu nyingine za nchi hazina, na hapa ndipo ushauri wangu unapohitaji uangalifu mkubwa kuliko pengine popote. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Benaco, mahali palipokuwa na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakageuka mji wa mahema. Wanyarwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996. Wakimbizi wa Burundi wakaendelea kukaa katika kambi ya Lukole mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Bibi wa kipanga wa leo aliyaona hayo. Aligawa maji na mihogo, na huenda pia aliona miti ya shamba lake ikikatwa kwa kuni na hakulipwa. Mtoto anayesoma hadithi ya mkimbizi atauliza, maana kipanga haachi kuuliza: walikimbia nini? Nani aliwafukuza? Wabaya walikuwa wepi? Wako wanaosema ni heri mambo haya yasiguswe kwa watoto, kwa sababu familia za pande zote mbili za mpaka zimeoana na maneno yana makali. Naiheshimu hofu hiyo, lakini siamini kimya kinamlinda mtoto wa namna hii. Asipojibiwa atajijibu, na vipande atakavyoviokota vilabuni na sokoni vitakuwa vimekwisha kumpa kabila la kulichukia.

Njia iliyo salama ni kumpa jibu fupi la kweli, kwamba kulikuwa na mauaji na watu wakaogopa, kisha kumrudisha kwa watoto wawili. Mmoja amefika usiku hajui lugha ya mahali, amembeba mdogo wake mgongoni. Mwingine ni mwenyeji, ameamka akakuta kisima chao kina foleni ya watu asiowajua na mbuzi wao hana pa kula. Mwulize kila mmoja anaogopa nini, anataka nini, na ni kitu gani ambacho hakijui juu ya mwenzake. Usimruhusu amalize kwa kusema wapendane. Mwambie apange siku ya pili kisimani: nani anasema nini kwanza, kwa lugha gani, na maji yakipungua wanafanyaje. Kwa mtoto mwenye akili nyingi hili ni tatizo la kweli lenye pande mbili zenye haki, na ndilo linalomtendea vema kwa sababu huruma yake inapata kazi ya kufanya. Akimaliza, kama bibi yupo na yuko radhi, mtume akamwulize ilikuwaje. Asipokuwa radhi, mfundishe kwamba kutolazimisha nako ni sehemu ya kujali.

Linabaki suala la mwalimu mwenye darasa lililofurika, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016. Anasikia ushauri huu na kuuliza kwa nini atumie muda kwa watoto watatu wenye vichwa vyepesi, ilhali akili ni nywele na kila mtu ana zake. Maswali haya si ya vipanga peke yao. Darasa zima litafaidi, na wale wanaoitwa vilaza mara nyingi watajibu swali la mtu wa pembeni vizuri kuliko wao, jambo ambalo ni zuri sana kwa kipanga kulisikia kwa masikio yake. Kinachobadilika kwa ajili yake ni mambo machache. Asiulizwe wa kwanza. Akijibu, aulizwe ameliona wapi. Asigeuzwe kuwa mwalimu msaidizi wa kila siku, maana kazi hiyo humlisha kiburi na humnyima utoto. Ila mara moja kwa wiki apewe mtoto mmoja wa darasa la chini amsomee kitabu kimoja, kwa sharti la kumsubiri: mdogo akikwama, ahesabu mpaka kumi moyoni kabla ya kumtajia neno. Mwalimu akiwatazama kwa dakika tano ataona zaidi ya atakachokiona katika daftari la majibu sahihi. Na akiona kinyume, kwamba mtoto anafurahia kuumiza wenzake wiki baada ya wiki, au kwamba huzuni yake haipungui na ameacha kula, hapo vitabu viwekwe pembeni kwanza, mzazi aitwe, na ofisa ustawi wa jamii wa wilaya aarifiwe, kwa sababu mara nyingi kuna kitu nyumbani kinachomtokea mtoto huyo ambacho hakuna aliyemuuliza.